Dawa ya Jana Imefanya Nini?

Hotuba kwa wauguzi wa wodi za magonjwa ya ndani, imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku hiyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, muuguzi mkuu wetu, mama zetu na baba zetu mliostaafu ambao mmekubali kuja kuketi nasi, wauguzi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: nawasalimu sana, na nawashukuru kwa kuja.

Nimepewa mada ya kufuatilia dawa kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Nitaizungumza kwa swali moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: dawa ya jana imefanya nini?

Mgonjwa yuko siku ya nne wodini. Asubuhi unasukuma kitoroli cha dawa, unafungua chati yake, unakuta alama ya vema kwenye kila dawa ya jana. Lasix ya kutoa maji, vema. Enalaprili ya kupunguzia moyo mzigo, vema. Spironolaktoni ya kusaidia moyo dhaifu, vema. Chati hiyo imekwambia nini kuhusu mgonjwa? Imekwambia kwamba vidonge vilitoka kwenye kitoroli. Basi. Kama alikojoa, haisemi. Kama aliposimama alipepesuka, haisemi. Na wewe uko tayari kumpa tena zilezile. Kwa msingi gani?

Na mgonjwa huyu ni nani? Vitabu vingi tulivyosomea vinamwonyesha mzee wa Ulaya ambaye mishipa ya moyo imeziba. Wa kwetu si huyo. Utafiti wa TaHeF, wa wagonjwa wa moyo ulioshindwa, uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulifuatilia wagonjwa 427. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu. Miaka 55, ndugu zangu! Huyo ni mtu mwenye watoto shuleni, mwenye kibanda sokoni, mwenye mama mzee anayemtegemea kijijini. Ukimpoteza huyo, umeangusha nyumba nzima.

Mtu huyu anaishi kwa dawa nne au tano kwa pamoja. Kila moja inamsaidia, na kila moja inaweza kumdhuru. Tena zinavutana: hii inatoa mwilini potasiamu, madini yanayoongoza mapigo ya moyo, ile inaizuia isitoke, na karibu zote zinashusha presha. Daktari anapita raundi asubuhi, anaandika, anakwenda kliniki. Saa tisa usiku nani yupo? Dawa inapomgeuka mgonjwa, nani wa kwanza kuona? Ni wewe. Hakuna mwingine.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayomleta. Anafika miguu imevimba, tumbo limejaa, halali mpaka aegemee mito mitatu. Daktari anaandika furosemidi ya sindano, ambayo sote tunaiita Lasix. Unachoma. Halafu?

Sindano ile huanza kazi ndani ya dakika tano hivi, hufika kilele ndani ya nusu saa, na baada ya saa mbili nguvu yake imekwisha. Kwa hiyo jibu la swali langu, kwa dawa hii, unalo kabla hujaenda kunywa chai. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2021 unataka mgonjwa mwenye maji mengi atoe mkojo zaidi ya mililita 100 kila saa, katika saa sita za mwanzo. Ukipungua hapo, dozi haikutosha, na daktari aambiwe muda huohuo aiongeze. Asisubiri raundi ya kesho. Lakini nani atajua ni mililita ngapi kama mkojo umemwagwa chooni? Nani atajua kama chombo hakina alama, au mgonjwa hakuelezwa kwamba asimwage? Wapo wagonjwa wanaopigania pumzi usiku kucha kwa sababu sindano ya saa nne asubuhi haikufanya kitu, na hakuna aliyepima. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote nitakalosema leo.

Kisha uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu rahisi kuliko zote hospitalini. Mpime kila asubuhi, akishakojoa, kabla hajala, kwa nguo zilezile na mizani ileile. Akishuka, dawa inafanya kazi. Akibaki palepale siku mbili huku miguu bado inabonyea kidole kinazama, haifanyi. Na akiendelea kushuka wakati uvimbe umekwisha, mdomo umekauka, misuli ya miguu inakaza usiku, basi sasa mnamkausha. Mpime presha amelala, kisha amesimama. Ile ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, huyo ataangukia bafuni. Toa taarifa kabla hujampa kidonge kingine.

Neno kwa wanafunzi, kwa sababu nimewaona mikono yenu ina haraka: Lasix ya dozi kubwa haisukumwi kwenye mshipa kwa mkupuo. Isizidi miligramu 4 kwa dakika. Ukiikimbiza unaweza kuharibu masikio ya mgonjwa. Akikwambia masikio yanavuma, msikilize.

Sasa sikilizeni habari ya baba mmoja, fundi seremala, aliyekuwa akirudi wodini kila baada ya miezi michache, amevimba. Kila mara faili liliandikwa vilevile: hafuati masharti ya dawa. Hafuati, hafuati, hafuati. Muuguzi mmoja kijana akavuta kiti, akakaa, akamwuliza: “Baba, ni siku zipi huwa humezi?” Hakumwuliza kwa nini humezi. Siku zipi. Yule baba akajibu bila kusita: siku za safari. Alikuwa akienda kwao Mwanza kwa basi kutoka Dar es Salaam, na sote tunajua basi halisimami kila mtu anapobanwa. Mnachimba dawa pale dereva anapoona panafaa. Kwa hiyo siku ya kwenda aliacha Lasix. Siku ya kurudi aliacha. Na akifika kwenye msiba au harusi aliacha tena, kwa aibu ya kuinuka kila mara mbele ya wakwe.

Huyo alikuwa mkaidi? Huyo alikuwa mtu mwenye haya, na hakuna aliyemwambia kwamba kidonge cha Lasix huanza ndani ya saa moja na humaliza kazi yake ndani ya saa sita hivi, kwa hiyo, daktari wake akikubali, kinaweza kumezwa akishafika. Kusogeza saa si sawa na kuacha. Ni hivyohivyo kwa wagonjwa wetu wanaofunga Ramadhani: kidonge anachomeza baada ya daku kitamkamua asubuhi nzima naye hana ruhusa ya kunywa maji. Wengine hawafai kufunga kabisa. Mazungumzo hayo yafanyike kliniki kabla mwezi haujaandama. Usiyangoje mpaka ameletwa amezimia.

Dawa ya jana imefanya nini?

Niwapeleke mbali kidogo. Mwaka 1775 daktari wa Kiingereza aitwaye William Withering aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire. Bibi huyu alikuwa akiwatibu watu waliovimba mwili, wakati mwingine baada ya madaktari kushindwa. Dawa ilikuwa mchanganyiko wa majani ya aina ishirini au zaidi. Withering akatambua kwamba lenye nguvu mle ndani ni jani moja tu, na kwa miaka kumi akalijaribu kwa wagonjwa wake, akiandika kila mmoja lilimfanya nini. Mwaka 1785 akachapisha. Na hakuandika mazuri peke yake. Aliandika kwamba ikizidi, mgonjwa hutapika, huona kizunguzungu, vitu humgeukia rangi ya kijani au njano, na mapigo hushuka hata kufikia 35 kwa dakika. Akaagiza dawa isimamishwe mara tu dalili ya kwanza inapotokea. Huyo hakuwa na maabara. Hakuwa na mashine ya kupima umeme wa moyo. Alikuwa na macho, vidole, kalamu, na uvumilivu wa kurudi kitandani kuangalia.

Jani lile ndilo mama wa digoksini, dawa ya moyo tunayotoa leo. Na sumu yake haijabadilika tangu enzi za Withering. Wagonjwa wetu wengi wanaoipata ni wale ambao valvu, yaani milango ya moyo, zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo tangu utotoni, na mapigo yao hayana mpangilio. Kwao mkono hauaminiki, kwa sababu si kila pigo la moyo linafika kwenye kifundo. Weka kipima-moyo chako kifuani, sikiliza dakika nzima. Dakika nzima! Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne. Kwa mapigo yasiyo na mpangilio, hesabu hiyo ni ubashiri. Kwa mtu mzima, ikiwa chini ya 60, usitoe kwanza, mwambie daktari.

Nilimwona mama mmoja aliyekataa chakula siku tatu. Ndugu zake walimbembeleza kwa uji, kwa mchuzi wa samaki, wakadhani amekata tamaa ya kuishi. Wengine walianza kunong'ona mambo ya kijijini. Muuguzi wa usiku akamkuta macho wazi, akamsikia akisema taa ya wodi inamwonyesha kila kitu cha manjano. Muuguzi yule hakucheka wala hakusema ni uchovu. Akasikiliza moyo: 44. Akazuia dozi, akampigia daktari. Damu ilipopimwa, potasiamu ilikuwa chini, kwa sababu Lasix ilikuwa imeitoa kwa siku nyingi bila kupimwa, na potasiamu ikiwa chini digoksini inakuwa kali hata kwa dozi ya kawaida. Mama aliishi. Mgonjwa wa digoksini akikataa chakula, ndugu zangu, hilo ni jambo la dawa mpaka mtakapothibitisha vinginevyo.

Na kwa kuwa nimetaja potasiamu, hapa nitakaa kidogo, maana inaua kimya ikishuka na inaua kimya ikipanda.

Mwaka 1999 ulitoka utafiti mkubwa uitwao RALES. Ulionyesha kwamba spironolaktoni, kidonge cha bei nafuu, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa wenye moyo dhaifu sana. Dunia ikafurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini wagonjwa wa utafiti ule walichaguliwa: waliokuwa na figo mbovu au potasiamu ya juu hawakuingizwa. Na waliosalia walipimwa damu mara kwa mara. Dawa ilipotoka nje ya utafiti, nini kikatokea? Katika jimbo la Ontario, Kanada, watafiti walitazama rekodi za wazee wenye ugonjwa huu. Mwaka 1994, waliolazwa kwa potasiamu kupanda walikuwa 2.4 kwa kila 1,000. Mwaka 2001 walikuwa 11. Vifo vilivyohusiana na hilo vilipanda kutoka 0.3 hadi 2 kwa kila 1,000.

Dawa ni ileile. Ugonjwa ni uleule. Kilichopungua ni nini? Ni kuchagua, na ni kupima. Na hiyo ni Kanada, yenye maabara kila kona. Sisi je?

Kwa hiyo mgonjwa akianzishiwa spironolaktoni, tena akiwa kwenye enalaprili, uliza tarehe ya kupima potasiamu na kreatinini, kile kipimo cha figo, uiandike kwenye kadi yake kwa herufi kubwa: wiki ya kwanza, kisha wiki ya nne. Potasiamu ikipita 5.5, dozi hupunguzwa. Ikipita 6, husimamishwa. Mgonjwa akisema viungo vimelegea na mapigo yanasuasua, usimwandikie uchovu.

Na umwulize anakula nini, lakini umwulize kwa lugha ya nyumbani. Ukimwambia punguza potasiamu, ataitikia kwa heshima na hajaelewa kitu. Mwulize kuhusu madafu. Watu wa pwani wanampa mgonjwa madafu kwa upendo, mawili matatu kwa siku, yasafishe figo, na dafu lina potasiamu nyingi. Mwulize anachopikia maharage: magadi ni chumvi ya sodiamu hata kama hayaitwi chumvi. Mwulize kuhusu ng'onda, samaki mkavu wa chumvi.

Halafu mwulize swali linalosahaulika kuliko yote: “Ukiumwa mgongo, unanunua nini dukani?” Diklofenaki. Ibuprofeni. Zinauzwa kila mtaa, na kwa mgonjwa huyu ni adui. Zinazuia maji na chumvi visitoke, zinaifunga mikono Lasix, zinaumiza figo, zinapandisha potasiamu. Mgonjwa anakuja amevimba, daktari anaongeza Lasix, na chanzo kipo mfukoni mwake kwenye kikaratasi cha duka la dawa. Mwambie ukweli: maumivu yakizidi, uanze na parasetamoli, na uje tukuone. Na ile parasetamoli ya kuyeyuka majini, inayochemka, asiitumie, imejaa sodiamu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Nimesema sana zuieni, simamisheni, piga simu. Lipo kosa la upande wa pili, nalo kwetu limekuwa mazoea. Ni kuzuia dawa kwa hofu.

Mama lishe mmoja, umri wa miaka arobaini na kitu, alikuwa kwenye enalaprili na karvediloli, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Alikuwa anatembea wodini, anakula, anataniana na wenzake. Presha yake 96 kwa 60. Zamu ya asubuhi ikaandika: imezuiwa, presha ndogo. Zamu ya jioni hivyohivyo. Kesho yake hivyohivyo. Hakuna aliyemwuliza kama ana kizunguzungu. Hakuna aliyempima akiwa amesimama. Hakuna aliyemwambia daktari. Siku ya kuruhusiwa, dawa ambazo hazikutolewa kwa siku kadhaa hazikuandikwa kwenye kadi, na hakuna aliyeona zimepotea. Mwezi haukuisha, akarudi anabebwa.

Nani aliyemwumiza? Enalaprili? Ndugu zangu, tangu mwaka 1987, utafiti wa CONSENSUS uliofanyika Sweden, Norway na Finland ulishaonyesha kwamba enalaprili inawarefushia maisha wagonjwa wa hali mbaya kabisa. Presha ndogo kwa mgonjwa wa moyo asiye na dalili yoyote kwa kawaida si sababu ya kuacha. Ndivyo moyo wake unavyofanya kazi ukiwa umepunguziwa mzigo. Akiwa anapepesuka, mkojo umepungua, ngozi ya baridi, hapo ni jambo jingine, piga simu. Lakini namba peke yake si mgonjwa. Na ukizuia dawa, umefanya uamuzi wa tiba. Uandike sababu, umwambie daktari, umwambie na zamu inayokuja.

Karvediloli nayo ina tabia yake. Huanza na kidogo sana, miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, na huongezwa taratibu kila baada ya wiki mbili. Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kujisikia mchovu kuliko alivyokuja, na asipoambiwa mapema ataitupa. Ameze na chakula, presha isimwanguke ghafla. Na isikatwe ghafla kamwe. Mwenye kisukari aambiwe kwamba sukari ikishuka hatasikia moyo kwenda mbio kama zamani, aangalie jasho.

Nigusie kikohozi, kwa kifupi, maana nchini kwetu kikohozi cha wiki mbili ni safari ya kupima makohozi ya kifua kikuu. Mpimeni, ni sahihi. Sikilizeni na mapafu, maana maji pia hukohoza. Lakini makohozi yakirudi safi, mapafu yakiwa makavu, na kikohozi ni kikavu cha kuwasha koo tangu aanze enalaprili, mkumbusheni daktari dawa hiyo. Inajulikana kwa kuleta kikohozi. Kuvimba midomo au ulimi ni hatari zaidi: simamisha, hiyo ni dharura, na familia ya dawa hiyo asipewe tena maisha yake yote. Watu weusi hupata tatizo hilo zaidi kuliko wazungu, kwa hiyo sisi hatuna ruhusa ya kulisahau. Na mwanamke wa umri wa kuzaa aulizwe kuhusu mimba kabla hujampa enalaprili, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Wagonjwa wetu ni vijana, nimewaambia.

Mtaniuliza: haya yote, kwa wodi yenye vitanda vilivyojaa na wauguzi wawili? Nawasikia. Sitawaambia ni rahisi. Lakini niwape habari ya Sweden. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 106 waliokuwa wametoka kulazwa kwa ugonjwa huu. Nusu hivi walipangiwa kliniki inayoongozwa na wauguzi, ambao waliwafundisha, wakawafuatilia, wakarekebisha dawa kwa utaratibu waliokubaliana na madaktari. Waliobaki wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Baada ya mwaka mmoja, upande wa kliniki ya wauguzi walikuwa wamekufa 7. Upande wa pili, 20. Saba na ishirini, na waliosimama katikati ni wauguzi kama ninyi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi letu kwako si magari. Ni mizani moja nzuri kwa kila wodi, vyombo vya mkojo vyenye alama, na kipimo cha potasiamu kisichokosekana kwa sababu kemikali za maabara zimekwisha. Tukipata hivyo vitatu, utudai matokeo.

Na ninyi wenzangu, tumetengeneza chati mpya. Pembeni ya alama ya vema ipo nafasi ya kuandika uzito, mkojo, mapigo ya dakika nzima, na presha ya kulala na ya kusimama. Kwenye makabidhiano ya zamu, kitanda cha mgonjwa wa moyo kianze na hayo. Dawa ikimdhuru mtu, jazeni fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Msiidhanie ni kazi ya mfamasia peke yake. Mnaoingia usiku wa leo, chati ziko kwa sista msimamizi, meza ya pale mlangoni. Chukueni za kutosha wodi zenu, na mapungufu mtakayoyaona mniletee yameandikwa. Asanteni kwa kunisikiliza.